Kabla ya kulipia tabo mpya

Wiki hii nimepokea barua ya dada yetu mmoja wa Tanga, nami nimeona niijibu hapa ukurasani badala ya kumjibu peke yake, kwa kuwa shida yake ni ya nyumba nyingi. Familia yake ina gari aina ya Subaru Forester lenye tabo, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Katika barabara ya tambarare gari linakwenda bila lawama. Likianza kupanda kutoka Mombo kuelekea Lushoto, watoto wakiwa nyuma na mizigo juu, linaishiwa nguvu, linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, na taa ya injini inawaka. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta. Wa pili alibadilisha koili moja. Wa tatu alifungua bomba la hewa, akaonesha oili iliyokuwamo ndani, akasema tabo imekufa, na bei aliyoitaja yakaribia ada ya watoto wawili kwa mwaka. Dada yetu anauliza mambo mawili: je, alipe? Na wakati anasubiri, gari laweza kuendelea kuwapeleka watoto shule na kuwapandisha Lushoto kwa bibi yao?

Kwa swali la kwanza, asilipe bado. Sisemi kwamba tabo ni nzima, sijaliona gari. Nasema tu kwamba katika barua yote, yenye kurasa tatu, hakuna kipimo hata kimoja. Pampu ilibadilishwa bila kupimwa msukumo wa petroli, koili ikabadilishwa bila kutajwa ilikuwa ya silinda ipi, na sasa tabo imehukumiwa kwa ushahidi wa oili kwenye bomba, ushahidi ambao, kama nitakavyoeleza, ni dhaifu mno.

Tabo yenyewe si kitu cha ajabu. Ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi utokao kwenye silinda huzungusha feni ya kwanza. Ya pili, iliyo upande wa hewa safi, huvuta hewa kutoka kwenye chujio na kuishindilia ndani ya injini. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usisagane ni utando mwembamba wa oili. Hewa ikishindiliwa hupata joto, basi hupitishwa kwanza kwenye intakula ipate kupoa. Katika Forester ya namna hiyo intakula imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Hewa ikiwa nyingi, petroli yaweza kuwa nyingi, na hapo ndipo nguvu ipatikanapo. Kwa hiyo gari likigoma mlimani, ama hewa imepungua, ama petroli, ama cheche. Ama vyote vitatu vipo lakini silinda haishiki mgandamizo au moshi haupati njia ya kutoka. Hakuna sababu ya sita ya kuogopa, na katika tano hizo tabo ni kipande tu cha ile ya kwanza.

Kabla ya kushika spana, fundi alipaswa kuuliza: gari linakosa nguvu kwa utulivu, au kwa kushtuka? Tofauti hii ni kubwa. Gari linalopanda polepole lakini laini, kama lililofungwa kamba nyuma, aghalabu limekosa hewa: bomba limechomoka, chujio limeziba, au tabo haishindilii ipasavyo. Gari linaloshtuka lina silinda moja au zaidi isiyowaka kila ipaswapo, jambo ambalo mafundi wetu huliita injini kumisi. Tabo iliyokufa kwa kawaida huleta udhaifu, pengine pamoja na moshi wa buluu au mlio kama wa king'ora. Si kawaida yake kuleta kwikwi. Dada yetu ameandika kwikwi, na ameliandika neno hilo mara nne. Hilo pekee lingetosha kumfanya fundi aanze na cheche.

Na kwa nini kwikwi hiyo ije mlimani tu? Hapa pana jambo ambalo wenye magari yasiyo na tabo hawalijui sana. Cheche huruka kwa wepesi katika hewa nyepesi. Hewa ikishindiliwa, ule mwanya mdogo baina ya ncha mbili za plagi huwa mgumu kuvukwa, na koili hulazimika kutoa umeme wenye volti nyingi zaidi. Injini ikiwa sailensa, au ikitembea tambarare mguu ukiwa mwepesi, koili dhaifu hujikaza na kujifichia aibu. Mlimani, mguu ukizama na tabo ikianza kushindilia, umeme hushindwa kuruka mwanya, ukatafuta njia rahisi zaidi ya kupita, pengine kwenye ufa wa mpira wa koili, na silinda ikanyamaza. Ndiyo maana fundi anayepima gari likiwa limesimama gerejini hurudi na jibu kwamba haoni tatizo.

Plagi nazo zina sehemu yao. Katika injini nyingi za tabo mwanya huo ni kama milimita 0.7 hadi 0.8, na kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Plagi ikichakaa ncha zake huliwa, mwanya hupanuka, na mzigo wa koili huzidi. Muuza spea akikupa plagi ya gari lisilo na tabo, yenye mwanya mpana, itaingia vizuri na gari litawaka vizuri, litakuaibisha Mombo. Sokoni zimo pia plagi bandia zenye maboksi mazuri. Mwombe fundi azitoe zote nne, azipange kwa mpangilio wa silinda zake juu ya kitambaa cheupe, mzitazame pamoja. Iliyo nyeusi na yenye masizi makavu yaashiria petroli iliyozidi. Iliyolowa petroli haikuwa inawaka. Iliyolowa oili ina mambo mawili: oili ikiwa nje tu, juu ya nyuzi za skrubu na kwenye shimo la plagi, basi ni mpira wa kifuniko cha valvu umechoka, oili imeingia kwenye shimo na kuuharibu mpira wa koili, nayo ni kazi ya gharama ndogo, ikiwa kwenye ncha yenyewe, oili yatoka ndani ya silinda, na hilo ni zito. Iliyo nyeupe kupindukia, yenye vitone vidogo kama vya chuma kilichoyeyuka, ni onyo kwamba injini imekuwa ikipata joto la hatari, na gari hilo halipaswi kukanyagwa tena mpaka sababu ijulikane.

Sasa taa ya injini. Taa hiyo haiwashwi na hitilafu tu, bali kompyuta huandika kumbukumbu yake kwa namba. Mashine ya kupima isome namba hizo kabla ya chochote kufutwa. P0300 ni kumisi kusikoegemea silinda moja. P0301 hadi P0304 tarakimu ya mwisho yataja silinda yenyewe. P0171 yasema mchanganyiko ni mwembamba, hewa imezidi petroli. Katika magari yanayoitambua, P0299 yasema msukumo wa tabo haukufika ulikotakiwa. Mashine nzuri huonesha pia hali ilivyokuwa dakika namba ilipoandikwa: mizunguko ya injini, joto lake, mzigo uliokuwapo. Ikiwa namba iliandikwa injini ikiwa na mzunguko wa 3,500 na mzigo mkubwa, ni mlima. Ikiwa iliandikwa kwenye sailensa, tunatafuta kitu kingine. Tahadhari moja: magari ya soko la Japani ya miaka ya nyuma mengine hayajibu vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa mitaani. Mashine ikikaa kimya, si ushahidi kwamba gari ni zima. Tafuta gereji yenye mashine inayozungumza lugha ya mtengenezaji.

Na kuna kosa la kuhesabu ambalo katika injini hii hutokea mara kwa mara. Injini ya Subaru si ya silinda zilizopangwa mstari mmoja. Pistoni zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa kulia, yaani upande wa dereva kwa magari yetu, na ya 2 na ya 4 ziko kushoto. Ya 1 na ya 2 ndizo za mbele. Fundi aliyezoea injini za mstari akiambiwa na mashine "silinda ya 3" aweza kubadilisha koili ya pengine kabisa, kwa moyo safi, na kumrudishia mwenye gari ugonjwa uleule. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa fundi wa pili wa dada yetu, lakini swali la kumuuliza ni hilo: ulibadilisha ya ngapi, na ilikuwa upande gani?

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halina gharama ya spea. Tuseme mashine imetaja P0303. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, koili ya silinda ya 3 ihamishiwe silinda ya 1, na ya 1 iende ya 3. Namba ifutwe, gari lipandishwe kilima kile kile kwa mzigo ule ule. Likirudi na P0301, koili ndiyo mgonjwa, kwa sababu ugonjwa umemfuata alipohamia. Likirudi na P0303, koili imesafishwa jina. Hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Namba ikizidi kung'ang'ania silinda ya 3, basi tatizo li kwenye nozeli, kwenye waya wake au ndani ya silinda yenyewe. Kazi hiyo yahitaji saa mbili na subira, kwani katika injini hii nafasi ya kuingiza mkono ni finyu. Fundi anayeikataa kwa kusema itapoteza muda, ilhali yuko tayari kukuuzia koili nne, mwache.

Upande wa hewa nao usidharauliwe, maana tundu moja la bomba huwa na sura mbili. Sensa ya hewa, iliyo karibu na chujio, hupima hewa yote iingiayo, na kompyuta hutoa petroli kwa hesabu hiyo. Injini ikiwa sailensa, ndani ya manifoldi huwa na mvuto. Bomba lililopasuka huingiza hewa isiyopimwa, petroli ikawa chache, sailensa ikayumba, na P0171 ikaandikwa. Mlimani mambo hugeuka: ndani sasa pana msukumo, tundu lile lile linamwaga nje hewa iliyokwisha kupimwa, petroli ikawa nyingi kuliko hewa iliyobaki, na gari likatoa moshi mweusi na harufu ya petroli. Mtu asiyejua hili huona dalili mbili zinazopingana na kununua vitu viwili. Bomba la mpira laweza kupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na ufa ukafunguka tu unaposukumwa. Njia bora ya kuukamata ni kuingiza moshi maalumu kwenye njia ya hewa na kuangalia unapotokea. Gereji isiyo na mashine ya moshi yaweza kuziba mdomo wa bomba, kuingiza hewa ya kompresa kwa msukumo mdogo unaodhibitiwa, kisha kunyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yatasema. Msukumo usizidi ule wa tabo yenyewe, la sivyo watavunja kilichokuwa kizima.

Tufike kwenye ile oili. Injini yoyote hupumua, na mvuke wa oili kutoka ndani yake hurudishwa kwenye njia ya hewa, kabla ya tabo. Kwa hiyo utando mwembamba wa oili katika bomba na katika intakula ya gari lililotembea miaka mingi ni jambo la kawaida. Fundi anayekupaka kidole oili na kukwambia tabo imekufa ni kama daktari anayekuonesha jasho lako na kukutangazia homa. Oili iliyotuama kama kidimbwi ni neno jingine, na oili ya injini inayopungua kila wiki ni neno jingine pia. Lakini tabo yapimwa, haikisiwi. Injini ikiwa baridi na imezimwa, bomba la hewa litolewe, feni ishikwe kwa vidole. Itikisike kidogo kwenda pembeni, si neno, kwa kuwa pale oili haijajaza nafasi yake. Isogee kwenda mbele na nyuma kwa namna inayohisika mkononi, au kingo za feni ziwe zimemeguka au zimekwaruza nyumba yake, hapo fundi wa tatu atakuwa na hoja. Hata hivyo ataulizwa swali la pili: nini kiliiua? Tabo nyingi hufa kwa kukosa oili safi, na mpya ikifungwa juu ya bomba la oili lililoziba itafuata njia ya mwenzake.

Pampu ya petroli aliyoibadilisha fundi wa kwanza ingeweza kuwa sababu kweli, lakini hilo hupimwa kwa geji gari likiwa kazini, si limesimama. Pampu mpya nyuma ya chujio lililoziba haitoi kitu.

Masega, yaani kile chombo cha kusafisha moshi, yanastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoumia kimyakimya. Silinda isiyowaka hutoa petroli mbichi kwenye bomba la moshi. Petroli hiyo huwakia ndani ya masega, yakapata joto la kutisha, yakayeyuka na kuziba. Tangu hapo gari hukosa nguvu kwa sababu ya pili, hata kama koili itabadilishwa kesho: moshi haupati pa kutokea, na tabo inayoendeshwa na moshi huo huo haizunguki inavyotakiwa. Kuziba hupimwa kwa kutoa sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega na kufunga geji mahali pake. Mafundi wengi hupendekeza kuyakata tu na kuyauza. Mimi sishauri. Mbali na moshi unaowafikia watoto wa jirani, katika baadhi ya injini za tabo njia ya moshi ikiwa wazi kupita kiasi msukumo wa tabo hupanda kuliko ulivyopangwa, kompyuta ikajilinda kwa kukata petroli ghafla, na mwenye gari akahisi kama amegongwa kutoka mbele. Hapo ataambiwa tena kwamba injini inamisi.

Ikiwa plagi, koili, nozeli na hewa vyote vimepimwa na silinda moja bado haiwaki, ndipo tupime mgandamizo. Silinda zote nne zikaribiane; moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, yatiliwe shaka. Mafundi wamezoea kumimina oili kidogo silindani na kupima tena, kipimo kikipanda waseme ni ringi. Katika injini ya pistoni zilizolala jaribio hilo hudanganya, kwa kuwa oili hutuama upande wa chini na haienei kuizunguka pistoni. Aombwe apime uvujaji: pistoni ikiwa juu, hewa iingizwe kupitia shimo la plagi, kisha asikilize. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni iliyovunjika. Kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa, ni valvu. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya silinda hedi. Pistoni kumeguka penye mifereji ya ringi ni jambo linalojulikana katika injini za tabo zilizogonga kwa muda mrefu, na moja ya sababu za kugonga ni petroli yenye okteni ndogo kuliko iliyokusudiwa. Dada yetu afungue kile kifuniko cha tangi na kuangalia kibandiko chake. Magari mengi ya tabo ya Japani yanataka petroli ya daraja la juu. Ikiwa kibandiko kimeandikwa Kijapani, ampe mtu asome. Na kama silinda imevunjika, tabo mpya haitaongeza kitu ila deni.

Kuhusu swali la pili, la safari, taa yenyewe itamwongoza. Ikiwaka na kutulia, gari likiwa tupu na mguu mwepesi, laweza kupelekwa gerejini kwa barabara ya tambarare. Ikiwa inapepesa, maana yake kompyuta imeona kumisi kwa kiwango kinachoharibu masega wakati huo huo: aondoe mguu kwenye mafuta, atafute mahali salama pa kuegesha, asiegeshe juu ya majani makavu kwa ajili ya joto lililo chini ya gari, na aite wa kumvuta. Shule ya mjini watoto watafikishwa kwa bajaji kwa siku hizo chache. Lushoto isubiri. Barabara ile ina kona ambazo dereva aliyekwisha kuingia upande wa pili kulipita lori hana muda wa kugundua kwamba silinda moja imenyamaza.